Dole Gumba la Kuazima

Kinyozi alichomoa unywele mmoja kwenye kitana cha mkewe, akaushika kwa ncha, akaushusha taratibu juu ya makali ya wembe. Ulikatika papo hapo. Akajaribu karibu na ncha ya wembe, akajaribu karibu na mpini. Kote ulikatika, na vipande vikadondoka juu ya taulo.

"Unakata," alisema shemeji yake, mdogo wa mkewe, kutoka kiti cha pili, alikokuwa akisugua mashine yake ya umeme kwa mswaki mkuukuu. "Sasa unatafuta nini tena, shemeji? Mpaka ukate kivuli?"

"Nahakikisha."

"Hakikisha upesi. Mzee yuko njiani, na mzee hana masihara na ndevu zake."

Mzee alikuwa baba mkwe wa kinyozi, seremala mstaafu, na chumba walichofanyia kazi kilikuwa chake. Alinyolewa hapo kila wiki. Mara ya mwisho wembe ulikuwa umemvuta ndevu badala ya kuzikata. Hakupiga kelele. Alingoja hadi akafutwa povu, ndipo akasema mbele ya wote wawili, "Mkwe, ukinivuta tena, hicho kiti chako kitakuwa cha mashine kama cha mwenzio." Mzee hakuwa na tabia ya kutishia bila kutenda. Kinyozi hakujua mashine, na katika umri wake hakukusudia kuijua. Kiti kikienda, naye amekwenda.

Sababu ya wembe kuvuta aliijua nusu. Tangu apate ugonjwa wa sukari, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, na dole gumba ndilo lililotangulia. Zamani akishanoa alilowesha dole hilo, akaliegemeza juu ya makali na kulisogeza kidogo mno. Wembe ambao bado haujawa mkali, uliteleza. Uliozidishiwa jiwe la kunolea, ulikwaruza. Ulio tayari ulinata, kana kwamba unaikataza ngozi isiende mbele zaidi. Sasa dole lilikuwa bubu. Ndiyo maana akahamia kwenye unywele, kipimo cha wanaoanza kazi, na hakumwambia mtu. Mkewe aliwahi kumuuliza mbona siku hizi anasafisha kitana. Akajibu ni usafi tu, na mke akamshukuru Mungu.

Lakini jambo moja lilikataa kukaa sawa. Wiki iliyopita pia unywele ulikatika. Unywele ulisema wembe uko tayari, shavu la mzee likasema hapana. Kati ya hivyo viwili, shavu halikuwa na sababu ya kudanganya.

Akajipaka povu kwenye taya.

"Aa, shemeji! Kinyozi hajinyoi. Wahenga wamelala, usiwaamshe."

Mpito wa kwanza wa wembe ulikwenda vizuri. Wa pili ukasita. Wa tatu ukamvuta hadi jicho likalengwalengwa na machozi. Kinyozi alijifuta, akaupeleka wembe dirishani, akaugeuza geuza kwenye mwanga. Haukuwa butu. Ulikuwa na makali ya uongo: uzi wa chuma, mwembamba kuliko karatasi, uliobaki ukining'inia kwenye ukingo. Uzi kama huo hukata unywele mmoja na kumfurahisha mwenyewe, lakini ukikutana na ndevu hujikunja. Hutokea mtu asipojua wakati wa kuacha kunoa. Naye hakujua, kwa kuwa dole lililozoea kumwambia lilikuwa bubu.

"Hodi humu."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Mzee alikaa kitini, akafungua kifungo cha shingo. "Tayari?"

Angeweza kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi, akaombea ustahimili shavu moja na nusu.

"Bado, baba. Una makali ya uongo."

"Umejuaje?"

"Umenivuta mimi."

"Wiki jana hukujijaribu."

"Sikujijaribu."

Mzee alifumba macho, akangoja.

Kinyozi aliyaburuta makali mara moja kwenye pembe ya kinoo, kitendo kinachomuumiza anayekitazama, ili uzi ule utoke. Akatia maji, akanoa upya kwa mkono mwepesi. Kisha akamgeukia shemeji.

"Lete dole gumba."

"La nini?"

"Langu halisikii kitu."

Mswaki ulisimama. "Tangu lini?"

"Tangu sukari."

"Dada anajua?"

"Umeshajua wewe, basi mpaka jioni atakuwa anajua. Lilowesha."

"Ukinikata je?"

"Utajikata mwenyewe. Mimi nimeshika tu. Egemeza hapa, sogeza kidogo. Unasikia nini?"

"Nasikia mkali."

"Mkali si jibu. Unateleza, unakwaruza, au unanata?"

Shemeji alikunja uso. "Unateleza."

Kinyozi alirudi kwenye jiwe. "Sasa?"

"Huku unanata. Huku mpinini bado."

Akaurudisha, akaubana upande wa mpini.

"Sasa unanata kote. Kama gundi ambayo haijakauka."

Mkono wa kinyozi ulitaka kuendelea, kidogo tu, kwa usalama. Akauzuia. Akaupitisha wembe kwenye mkanda, akampaka mzee povu.

Haukuvuta shavu la kushoto, haukuvuta la kulia, wala chini ya kidevu, ambako ndevu za mzee ziliota kila moja na njia yake. Mzee alipofutwa, alijipapasa shavu kinyume na ndevu ziotavyo, kama apimavyo ubao uliopigwa randa.

"Haukuvuta."

"Asante, baba."

"Sikusifu. Nasema haukuvuta. Siku huyu asipokuwepo, utafanyaje?"

"Sitanyoa."

Mzee aliwaza huku akifunga kifungo chake. "Basi kiti kibaki." Akamnyooshea mwanawe kidole. "Na wewe uwe unawahi kazini."

"Kwa hiyo mimi nimegeuzwa kipimo?"

"Kipimo kizuri," alisema mzee akitoka, "kikitunzwa."

Shemeji alilitazama dole lake, lililokuwa na mkwaruzo mmoja usiotoa damu. Kinyozi alifungua droo, akatoa wembe wa pili, ambao tangu asubuhi alikuwa amejiaminisha kwamba uko tayari. Akaukunjua, akamsogezea aupime.