Utalia Jioni

Mimi ni mtu wa kelele. Nimefanya kazi miaka mingi katika kituo cha kulea watoto wadogo, wale ambao hugombania ndoo ya mchanga kana kwamba wanagombania urithi, na humo ukiongea polepole hakuna anayekusikia. Kwa hiyo nilipofika nyumbani kwa mdogo wangu na kupiga hodi kwa sauti niliyojaliwa, sikushangaa kuambiwa ninyamaze. Nilichoshangaa ni aliyeniambia.

Alikuwa binti yake, mwenye miaka mitano. Alifungua mlango taratibu, kidole kwenye midomo, akanong'ona, "Karibu mama mkubwa. Baba amelala."

Mdogo wangu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo na hakuruhusiwa kuinua hata sufuria, ndiyo maana nikaomba likizo nije kumsaidia. Mumewe ni mwoka mikate. Anakwenda kazini wakati wenzake wanatandika vitanda, anakanda unga, anachoma, anarudi asubuhi na unga masikioni, kisha analala mpaka jioni. Nyumba yao ni vyumba viwili na jiko, na kati ya chumba na chumba kuna ubao mwembamba tu. Ukipiga chafya huku, wa kule anakuombea afya. Basi nyumba nzima ilikuwa imezibwa mdomo. Miguu ya viti ilivalishwa soksi kuukuu. Bawaba za milango zilipakwa mafuta ya kupikia. Mifuniko ya sufuria ilifungwa vitambaa pembeni isije ikalia. Nikasema hata matangani kuna uchangamfu kuliko humu, mdogo wangu akanikata jicho.

"Usicheke, dada," akasema. "Hujui tulikotoka."

Akanieleza. Binti alipokuwa anaota meno alilia mchana kutwa kwa siku nyingi, na shemeji hakupata usingizi hata wa kulamba. Mwishowe akasinzia akiwa amesimama mbele ya mashine ya kukandia unga, ikamla vidole viwili vya mkono wa kulia. Tajiri wake alimrudisha kazini kwa huruma tu. Akisinzia tena, basi.

"Nikaapa hakuna mtu atakayemwamsha tena," mdogo wangu akasema. "Hata huyu."

Huyu alikuwa ameketi mkekani akikunja nguo. Majirani walimpachika jina la Mtu Mzima, na hawakuwa wakimtania. Walimtolea mfano kwa watoto wao.

Siku ya pili nilijua jinsi Mtu Mzima alivyopatikana. Alikuwa anabeba bakuli, akajikwaa kizingitini, goti likagonga saruji. Nilisikia mwenyewe mlio wa mfupa. Bakuli hakuliachia. Midomo ikaanza kutetemeka, macho yakajaa, akamgeukia mama yake. Mama yake hakufoka. Alimwambia kwa sauti ya chini, tena ya upendo, "Weka, mwanangu. Utalia jioni, baba akishaondoka."

Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Midomo ikatulia. Machozi yalirudi ndani mbele ya macho yangu, jambo ambalo sijaliona kwa mtoto yeyote, na nimeona watoto wengi.

Jioni shemeji akaondoka. Mdogo wangu akaketi vizuri kitandani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya, sasa unaweza kulia."

Mtoto akasimama katikati ya chumba, akawaza. Alilitazama goti lake, lililokuwa limevimba kama andazi. "Nimesahau," akasema.

"Umeona, dada? Zamani alikuwa anakuja jioni, analia kidogo, tunamaliza. Siku hizi inaisha yenyewe."

Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu aliyegundua dawa. Sikusoma sana, lakini kazi yangu naijua: mtoto hazaliwi na breki. Analia, mtu anambeba, anamwambia pole, umeumia, naona umeumia, na kilio kinashuka. Anafanyiwa hivyo mara nyingi mno, mpaka siku moja anaweza kujifanyia mwenyewe. Huyu hakufundishwa kukituliza kilio. Alifundishwa kukificha, na akakificha mahali ambapo hata yeye hapakumbuki.

Nikajipa kazi ya kumrudishia. Niseme ukweli, nilidhani ni suala la siku chache. Nilijua huwezi kumtaka mtoto alie hivihivi, nikaanza na kelele. Nyuma ya nyumba, mbali kidogo, kulikuwa na uwanja ambako malori hugeuzia, hakuna wa kuamshwa pale ila madereva. Nikampeleka.

"Leo tunapiga kelele," nikamwambia. "Hivi." Nikapiga ukelele mmoja wa haja. Dereva mmoja akachungulia dirishani akauliza kama nimeibiwa.

Mtoto akanitazama kwa makini kabisa, kama anayeonyeshwa kushona kifungo. Akafungua kinywa. Shingo ikakaza, mishipa ikasimama, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Kikatoka kitu kidogo, "aa," cha adabu, kama mtu anayefunguliwa kinywa na daktari wa meno.

"Ni hivyo, mama mkubwa?"

"Karibu hivyo," nikasema. Njiani kurudi nilimkumbatia, akanipigapiga mgongoni kunituliza.

Tulikwenda kila siku. Kuna siku alicheka, nikafurahi kama nimejengewa nyumba, lakini alicheka ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alianza kunifuata kila niendako, anashika pindo la nguo yangu nikipika, na usiku analala kwangu amebana mgongo wake tumboni mwangu. Nilijua anachosema. Nilitaka akiseme.

Kisha nikafua mashuka. Kwenye foronya yake kulikuwa na doa la njano, limekauka, linanuka. Nikamwita, nikamgeuza kichwa. Usaha ulikuwa umetoka sikioni mpaka shingoni, na yeye alikuwa ameufuta akafunika kwa nywele.

"Linauma?"

"Lilikuwa linauma. Lilikuwa linauma sana, halafu likapasuka, likaacha."

"Mbona hukusema?"

Akanishangaa. "Niliweka."

Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, sikungoja mtu. Daktari, kijana mwenye haraka zake, akammulika, akamsafisha, akachokonoa humo ndani mpaka mimi mwenyewe nikajipinda. Mtoto alikaa wima, mikono mapajani. Daktari akasema ngoma ya sikio imetoboka, kwamba maumivu ya namna ile huwafanya watu wazima watembee usiku kucha, na kwamba sikio lile huenda lisisikie vizuri tena. Kisha akatabasamu, akampa peremende.

"Mtoto jasiri huyu! Laiti wangekuwa wote hivi."

Nilitamani nimpige na lile kopo lake la peremende. Mtoto akasema asante.

Jioni ile niliwakalisha wazazi wake wote wawili kabla shemeji hajaondoka. Mtoto nilimtuma kwa jirani. Nikasema yote, na sikusema kwa kunong'ona. Nikasema mtoto huyu ataumia, ataonewa, ataguswa na mtu mbaya, na hakuna atakayejua, kwa sababu hata kwake mwenyewe habari hazifiki. Nikasema bado ni mdogo, bado anaweza kurudi, lakini si katika nyumba hii. Nipeni niishi naye mpaka aanze shule. Kituoni kwetu analia mmoja wanaitikia wote, ataambukizwa tu.

Shemeji akauweka mezani ule mkono wake wenye vidole vitatu.

"Unadhani sijaona, shemeji?" akasema. "Nimeona. Akiniletea chai ananitazama usoni kwanza ajue leo niko vipi. Mtoto wa miaka mitano. Lakini niambie nifanye nini. Kazi ya mchana nimeitafuta, haipo. Nikikosa usingizi napoteza na huu uliobaki."

"Ndiyo maana nasema nimchukue."

Yeye akamtazama mkewe. Nikaona kwamba angekubali. Wallahi angekubali. Lakini mdogo wangu alikuwa amejikunja, mkono juu ya kidonda chake, analia, bila sauti hata kidogo, mabega tu yanapanda na kushuka.

"Mchana kutwa niko humu peke yangu na mtu aliyelala," akasema. "Huyu ndiye mtu ninayeongea naye. Ukimchukua nitabaki na nani? Na ana ubaya gani? Sikio litapona. Shuleni walimu watampenda."

"Watampenda," nikasema. "Hapo ndipo penye balaa."

Hakunielewa. Nilirudia mara nyingi siku zilizofuata, kwa upole, kwa ukali, kwa kubembeleza. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu. Kidonda chake kikafunga, kituoni wakanipigia simu kwamba likizo yangu imekwisha na watoto wamewashinda. Mtoto ni wake, si wangu. Ningefanya nini, nimwibe?

Niliondoka mchana. Shemeji alikuwa amelala ndani. Nilibeba begi mikononi lisiburuzike, nikachuchumaa mlangoni mbele ya mtoto. Nilikuwa bado na tamaa moja, naikiri: kwamba atalia. Kwamba atanishika nguo, aniangushe pale, aamshe baba yake na mtaa mzima, na mama yake aone kwa macho yake kwamba kuna mtoto humu ndani.

"Mama mkubwa anaondoka," nikamwambia. "Unajisikiaje?"

"Vizuri," akasema. "Safari njema."

Alitabasamu, tena vizuri, meno yote nje. Mdogo wangu, nyuma yake, akaninong'oneza kwa furaha, "Unaona? Angekuwa mwingine angekung'ang'ania mpaka ukose gari."

Ndipo nikaona. Mkojo ulikuwa unamtiririka miguuni, mguu huu na huu, unajaa kwenye viatu, unatanda juu ya saruji. Yeye hakutazama chini. Macho yake yalikuwa kwangu, tabasamu liko palepale, kama vile miguu ile ni ya mtu mwingine. Kifua kilinijaa ukelele, ule wa uwanja wa malori, na nikafungua kinywa. Ndani, nyuma ya ubao, shemeji akageuka kitandani. Nikakifunga.

Mtoto alihisi unyevu hatimaye. Akatazama chini, akaenda upesi kwa ncha za vidole, akarudi na kitambaa cha kupigia deki, akapiga magoti kwenye maji yale akaanza kufuta. Alifuta kwanza upande wangu, akanisafishia njia mpaka nje ya kizingiti.

"Pita hapa, mama mkubwa," akanong'ona. "Usiteleze."

Nikapita.