Nta au Silanti kwa Gari la Afisa wa Maji

Kasyoki alikuwa ameshapaka povu lori la vitunguu, pale anapooshea magari kando ya barabara kuu ya Kambu, wakati gari jeusi lilipoingia na kusimama mbele ya lori kana kwamba lori halipo. Dereva wa lori alifungua mdomo atukane, akaona anayeshuka ni nani, akaufunga. Alikuwa Nyamai, afisa wa maji wa wadi. Ndiye aliyefunga valvu ya bomba la maji matamu la upande huu wa soko, akasema ni mgao. Mgao gani huo usiogeuka!

"Kasyoki, wacha hiyo lori," alisema. "Kesho tunapeleka ntheo Nuu, mbuzi za kumposea kijana wangu. Mbuzi ziko tayari, kijana ako tayari, imebaki gari. Sitaki wakwe wanione na vumbi kama mchoma makaa."

"Nipake waksi kama kawaida, afisa?"

"Waksi ya nini? Jua ya huku inaiyeyusha, vumbi inashika, kila mwezi niko hapa. Nimesikia kuna silanti, dawa ya kufunika rangi, inakaa nusu mwaka. Si Muktar anauza? Mwambie ni yangu." Kisha akaelekeza kidole chini ya benchi, kwenye mitungi miwili ya njano. "Na suuza ya mwisho utumie hiyo. Hii yenu ya kisima inaachanga madoa."

Kasyoki alisimama mbele ya benchi. Maji yale matamu alikuwa ameyaomba ng'ambo ya barabara, kwenye tangi la kanisa, akayabeba mwenyewe mgongoni. Yalikuwa ya mama yake, Mbinya, ambaye figo zilimsumbua na daktari alimkataza kabisa maji ya kisima yenye chumvi. Kila alipoyanywa hayo ya chumvi, miguu ilivimba asiweze kuvaa hata slipa.

"Hiyo ni ya mama, afisa. Ni mgonjwa."

"Mama atakunywa mpaka aoge! Nikitoka Nuu nawafungulia valvu. Si nimekuambia?"

Alikuwa amemwambia, ndiyo. Alimwambia kabla ya Pasaka, akamwambia tena shule zilipofungwa, na kila mara gari liliondoka likimeta na mitungi ikabaki mitupu. Ahadi ni deni, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuomba maji kwa ofisi ya wadi. Nyamai alivuka barabara kwenda kula mbuzi choma.

Muktar, mwenye duka la vipuri mlango wa pili, alipoitwa na Kasyoki alikuja na chupa ya silanti, lakini hakumpa.

"Dada, weka waksi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie ni silanti, hatajua. Waksi ikiisha atarudi, utamkumbusha valvu. Ukiweka hii humuoni tena mpaka mvua ije. Utamwambia nani shida zako?"

"Na akirudi ananiambia nini, Muktar?"

"Anakuambia... wiki ijayo."

"Haya, umejijibu."

Kasyoki hakutulia. Aliosha mlango mmoja, akauacha, akaenda kwenye benchi, akafungua kifuniko cha mtungi, akakifunga. Akaosha boneti. Akarudi tena kwenye benchi. Labda safari hii Nyamai angefungua valvu kweli. Mtu anayeozesha mwana hulainika moyo. Woi, na asipofungua? Alimwona mama yake akishusha kikombe cha maji ya chumvi huku amefumba macho, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka. Akawasha mashine ya presha na kulisuuza gari lote kwa maji ya kisima. Kisha akalisukuma, Muktar akisaidia bila kuelewa, kutoka chini ya neti ya kivuli hadi juani.

Madoa yalitokea upesi. Meupe, ya duara, kwenye boneti, paa na milango, kama uji uliorukia nguo ya kanisani.

"Aiya, Kasyoki! Lete siki uyatoe haraka!"

"Lete silanti."

Muktar akampa. Kasyoki aliipaka nyembamba juu ya madoa, akangoja ikauke na kuingia ukungu, akaipangusa kwa kitambaa kikavu. Hakuruka hata vishikio vya milango. Alikuwa anaogopa, tena sana.

Nyamai alirudi akichokonoa meno. Kijiti kilimdondoka.

"Hii ni nini?"

"Ni maji yetu, afisa."

"Futa!"

"Haifutiki. Iko chini ya silanti. Mpaka isuguliwe na mashine, na hiyo mashine huku hakuna."

Dereva wa lori alicheka, akajifanya anakohoa. Nyamai alilizunguka gari akisugua kwa kidole, kisha kwa mkono wa shati. "Utakunywa chumvi mpaka ufe," alisema. "Na hapa ni barabara ya serikali. Jumatatu sitaki kuona hiki kibanda chako." Akaingia ndani na kuubamiza mlango.

Nyumbani, mama yake, Mbinya, alikuwa amekaa kitandani, miguu juu ya mto. "Amefungua?"

"Hafungui, mwaitu. Sasa hafungui kabisa. Na kibanda wanavunja."

Akamsimulia kisa chote. "Ungempa tu hayo maji," mama alisema. "Mimi ni mzee. Kibanda ndicho kinakulisha."

"Mwaitu, kunywa!" Kasyoki alifoka, akaona aibu, machozi yakamtoka. Akamjazia kikombe.

Mbinya alikunywa nusu, akamsukumia nusu iliyobaki. "Na wewe."

"Ni yako, mwaitu."

"Nimesema na wewe."

Kasyoki alikunywa. Kwa kuzoea ya kisima, alikuwa amesahau kwamba maji hayana ladha.