Glase ya Mwisho Musonoi

Umeme ilikuwa imekatika Musonoi yote. Mu frigo yangu ya bia kulibakia glase moja tu, kipande kubwa ya barafu sawa tofali. Niliifunga mu gunia, nikaifunika na unga ya mbao ili isiyeyuke mbio.

Juu ya meza, citoyen Tshimanga, mutu wa laboratware ya Lubumbashi, aliweka sanduku yake: tube za damu ya batoto, pamba alizopangusia bata mudomo, na chupa ya mayi ya kiziwa ya nyuma ya Kingamyambo, kwenye bata zetu zinaogelea.

“Hii virusi iko na njia, mama Mbelu,” aliniambia. “Inatoka ku bata, ao mu mayi, ao ku bantu. Tukijua, tutakata njia. Lakini damu bila baridi inaoza.”

Bata njo zilianza kufa, shingo imepinda. Kiisha batoto wakashikwa na homa na kikohozi. Asubuhi ile Kalenga, mutoto ya jirani yangu Ndaya, alikufa. Dada yake Numbi alibakia ku kitanda, kifua inalia.

Ndaya aliingia bila hodi.

“Mama Mbelu, naomba glase.”

Tshimanga akasimama. “Ile njo ya kutunza damu ya mutoto wako, mama. Njo itatuonyesha namna ya kumuchunga Numbi.”

“Baba yake, Mukendi, iko mu treni, anatoka Mwene-Ditu. Nikizika mutoto kabla hajamuona, bandugu yake watasema nilificha kifo. Watanifukuza, mi na Numbi.”

“Lakini Kalenga amekwisha kufa, mama.”

“We uko na batoto?”

“Hapana bado.”

“Basi nyamaza.”

Nikasema tuipasue. Tshimanga akatikisa kichwa: nusu haifiki Lubumbashi. Ndaya naye: nusu haifiki hata jioni. Akabeba gunia ku kifua, mayi inamulowesha kitenge, akatoka. Tshimanga hakumuzuia. Mi na Tshimanga tukazunguka mabar yote, tukitafuta glase ingine. Kila mahali walevi walikuwa wanalalamika bia iko moto sawa chai.

Treni haikufika siku ile, wala kesho yake. Glase iliyeyuka kandokando ya Kalenga, mayi ikatiririka mpaka ku mulango. Tukamuzika bila baba yake.

Tuliporudi ku nyumba ya Ndaya toka makaburini, Tshimanga alifungua sanduku, akanusa, akafunga.

“Chukua damu ingine,” Ndaya akasema, akamunyoosha Numbi mukono.

“Nitaiweka mu nini, mama?”

Jioni bata tatu zilizobakia zilirudi toka kiziwa, manyoya imelowa. Zikaingia mu nyumba, zikalala chini ya kitanda ya Numbi, vile zilizoea. Mutoto akashusha mukono, akapapasa moja mugongo.

Ndaya akakamata ufagio. “Nifukuze bata? Ao nimwage mayi ya mutungi? Ao mi mwenyewe, mama yake, nitoke?”

Tshimanga aliangalia bata, akaangalia Numbi.

“Sijui, mama.”

Ndaya akabakia amesimama pale, ufagio mu mukono.