Mdororo wa Mchumi

Nyumbani walimpachika jina la Mchumi tangu siku aliyopata nafasi ya kusomea biashara chuoni, naye, ili asiliangushe jina, akaanza kuandika. Kila Jumapili alituma ukurasa mmoja kwa simu: kwa nini bei ya mwavuli hupanda wingu likitanda, kwa nini watu wawili walioketi viti jirani kwenye ndege moja wamelipa nauli tofauti, kwa nini siku hizi ukipiga simu benki unajibiwa na mashine yenye adabu kuliko watu. Ndege yenyewe hajawahi kuipanda. Lakini aliizungumzia kama mtu aliyechoshwa na safari.

Msomaji wake mkubwa alikuwa baba yake, kinyozi, ambaye aliusoma ukurasa huo kwa sauti dukani, mashine imezimwa, mteja na povu lake kidevuni akisubiri hoja ifike mwisho.

Asichokijua kinyozi ni kwamba Mchumi hakuwa ametia mguu darasani kwa wiki tisa. Tena bila sababu, na hilo ndilo la kuudhi. Hakuna aliyefariki, hakuna msichana aliyemtosa, ada ilishalipwa. Asubuhi moja aliamka, akavaa kiatu kimoja, akakaa kitandani, na cha pili hakukivaa. Kesho yake vivyo hivyo. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Mwenzake wa chumbani akimuuliza ana nini, anajibu, "Sina kitu," na hakuwa anadanganya. Hakuwa na huzuni, hakuwa na hofu, hakuwa na hamu. Usajili wa mitihani ungefungwa Ijumaa saa sita mchana, na asiyejisajili anarudia mwaka mzima. Alilijua hilo kama anavyojua mji mkuu wa nchi asiyotarajia kwenda.

Hata hivyo, Jumapili ilipofika aliandika. Safari hii aliandika juu ya mdororo wa uchumi.

"Mdororo hauji kwa kishindo. Watu huanza kwa kuacha vitu vidogo vidogo. Viwanda vinasimama ilhali mitambo ni mizima. Anayetazama kwa nje huona taa zinawaka, akadhani kazi inaendelea. Ukiuliza tatizo lilianza lini, hakuna anayeikumbuka siku."

Ijumaa saa tatu asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa kinyozi, na mkoba wake wa kazi, shati limekunjamana kwa kukesha ndani ya basi.

"Shikamoo, baba. Kuna nini? Mama mzima?"

"Marahaba. Mama yako mzima wa afya. Kaa hapo kwenye kiti." Akachomeka mashine ukutani. "Niliwasomea wateja ule ukurasa wako. Fundi saa akasema kosa ni la serikali. Muuza magodoro akasema ni bei ya mafuta. Wakabishana mpaka povu likamkauka mtu kidevuni. Mimi nikausoma mara ya pili, nikawaambia, jamani, huu siyo uchumi. Huyu ni mwanangu."

Mchumi alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

"Umekosea, baba. Mdororo ni neno la kitabuni. Lina maana yake."

"Vya kitabuni sivijui. Mimi nasoma vichwa, na hiki hakijaguswa miezi mitatu."

Mashine ikanguruma. Kinyozi alianzia sikio la kulia, akapanda taratibu kuelekea utosini, kidole gumba kimekishika kichwa cha mwanawe kisiyumbe. Nywele zilidondoka sakafuni mafungu mafungu. Hapo katikati Mchumi akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mwingine:

"Sijaingia darasani wiki tisa. Mitihani sijajisajili. Mwisho leo saa sita."

"Kwa nini?"

"Sijui, baba. Haki ya Mungu, sijui."

Kinyozi hakugomba. Alimaliza upande wa kulia, akazima mashine, akaizungushia waya wake na kuirudisha mkobani.

"Bado kushoto," Mchumi alisema.

"Nimeona. Dukani, mteja nikimshuku kwamba atatoroka, namnyoa nusu kwanza. Hajawahi kufika mbali hata mmoja. Nenda kajisajili, ukirudi namalizia."

"Siwezi kutoka hivi!"

"Basi kaa hivyo hivyo."

Mchumi akageuka kutafuta kofia yake. Kinyozi alikuwa ameshaivaa.

Foleni ya ofisi ya mitihani ilikuwa imefika hadi uwanjani. Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine. Mmoja akanyanyua simu kupiga picha, na wasichana wawili wakashikana mabega kwa kicheko. Mchumi alihisi joto shingoni, likampanda masikioni, uso mzima ukamwaka. Hakuelewa mara moja ni nini kinachompata. Kisha akaelewa: alikuwa anaona haya. Haya tupu, ile ya kutaka ardhi ipasuke immeze. Akageuka kumtafuta baba yake, aliyemfuata kwa nyuma tangu chumbani, akamwona kwenye kivuli cha ukuta, amechoka, amesimama tu. Machozi yakamtoka Mchumi palepale mbele za watu, na hakutoka kwenye foleni.