Pofu Aliyekuja Kupimwa Risasi

Usiku wa kuamkia leo niliota pofu dume, yule mnyama wa porini mwenye pembe za kujisokota, amesimama mlangoni kwangu, anabisha hodi kwa pembe, na mimi nikamwambia karibu, futa miguu.

Kabla sijaendelea, niseme hali ilivyokuwa. Mimi ni mwindaji mwenye leseni, na risasi zangu huzishindilia mwenyewe: ganda, baruti na kichwa. Kibali kimebandikwa ukutani kwa anayetaka kukisoma. Mezani kwetu mashine ya kushindilia risasi imekaa upande mmoja, na upande wa pili iko cherehani ya mke wangu Paskalina, ambaye ni fundi wa nguo. Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha harusi ya mdogo wake, niliapa mbele ya ukoo mzima wa wakwe kwamba nyama ya harusi nitaileta mimi, na kwamba pofu huyo nitampiga nikiwa juu ya mlima wa huku, yeye akiwa juu ya mlima wa kule, mita elfu moja zikiwa katikati.

Hakuna aliyeniuliza habari za mita. Nilizitaja mwenyewe, ulimi hauna mfupa. Shemeji yangu Sulle, kaka yake Paskalina, akasimama na soda yake akasema, "Ukisogea karibu hata hatua moja, tutakuita Mita Mia mpaka tukuzike." Watu wakapiga makofi. Leseni yangu ilikuwa imebakiza pofu mmoja tu, na siku ya kumtafuta ndiyo leo.

Basi pofu anaingia. Ni mkubwa kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona, ngozi ya shingo inaning'inia mpaka karibu na magoti. Anakaa kwenye kiti cha wateja wa Paskalina. Kiti kinasema, "Taratibu, mzee."

"Nimekuja kupimwa," pofu anasema.

"Fundi amelala. Njoo asubuhi."

"Simtaki fundi wa nguo, nakutaka wewe. Si kesho unanipiga?"

Nikakiri kwamba ndiyo, Mungu akipenda.

"Basi mimi ndiye nitakayeivaa hiyo risasi. Nina haki ya kuchagua."

Sikuona pa kumpinga. Nikachukua chaki ya Paskalina, nikamchorea msalaba nyuma ya bega, pale moyo ulipo, na yeye akanyoosha shingo aone kwenye kioo kama umekaa sawa. Kisha nikamtolea vichwa vya risasi kwenye sinia, na kwa kuwa havikuwa vimewahi kuonana na mgeni, vikaanza kujitambulisha.

Kikatangulia kile kirefu chembamba chenye ncha nyekundu, ambacho ndicho nilichokitegemea. "Mimi upepo wenyewe huniamkia," kikasema. "Mita elfu kwangu ni kwenda dukani na kurudi."

"Ukifika utafanya nini?" pofu akauliza.

"Hilo sijalifikiria. Kazi yangu ni kusafiri."

"Mrudishe," pofu akaniambia. "Halafu ananifanya nionekane mnene."

Kikafuata kimoja kifupi cha madini laini ya risasi, kikasema kwamba chenyewe kikigusa ngozi tu kinapasuka vipande vipande kwa furaha. Pofu akasema hataki fujo mwilini mwake, ana watoto. Mwishoni akasimama mmoja wa shaba tupu, hana maneno mengi. "Nikifika nafunguka, sivunjiki, na napita moja kwa moja," akasema. "Ila nifike bado nina haraka. Nikifika nimechoka sifunguki."

"Huyu ana adabu," pofu akasema. "Mshone."

Nikaanza kazi. Anayepima baruti katika ndoto hii ni kuku wetu wa kienyeji. Amekaa kwenye mizani, miwani puani, na kila punje inayozidi anaidonoa. Nikamwomba aongeze kidogo, safari ni ndefu.

"Kipimo ni kipimo," kuku akasema.

"Kidogo tu, nani ataona?"

Ganda la risasi likafunika mdomo kwa mkono. "Mimi nimeshiba, fundi. Baba yangu naye aliambiwa kidogo tu. Alipasuka na bunduki yote, msibani tulizika herufi za chapa yake." Nikampa pole, nikaliacha lilivyo. Nikakandamiza kichwa cha shaba mdomoni mwake, nikavuta mkono wa mashine, na mashine ikashuka ikapiga mishono miwili ya cherehani.

Mkono wa mashine ulipopanda, nilikuwa juu ya mlima. Bunduki ilikuwa imeshalia. Mimi na Shaba tunakwenda kwa pofu kwa miguu, kwa kuwa ndivyo risasi zinavyosafiri, nashangaa sikujua siku zote hizo.

Mwanzoni anakimbia mpaka nashindwa kumfuata. Lakini njia nzima Ardhi anatuita kutoka chini: "Wageni hao! Shukeni kidogo, pumzikeni!" Kila akiitwa, Shaba anashuka kidogo.

"Usishuke!" namwambia.

"Siwezi kumkatalia, ni mtu mzima."

Mbele kidogo tukakutana na Upepo, akatuuliza njia ya kwenda mtoni. Tukamwelekeza vizuri, akashukuru akaenda zake, na tulipotazama, sisi ndio tuliokuwa tumepotea, tumesogezwa kushoto mbali na njia yetu. Tulipofika nusu ya bonde Shaba akaketi juu ya kichuguu, akavua kofia, akaomba maji. Nikamuuliza haraka yake iko wapi. Akasema ameimaliza.

Nyuma yetu tukasikia mtu anakuja mbio.

"Hamjambo, wasafiri?" akasema. "Mimi ni mlio wa bunduki. Mlinitangulia kule mlimani kwa kishindo, nikasema hawa nitawakuta tu. Haya, mimi nawahi kumpa pofu taarifa."

"Usimwambie!" nikapiga kelele.

"Bwana, mimi ni mlio. Nina kazi gani nyingine?"

Akatupita. Tulipofika, Shaba anaburuta miguu, nikamkuta pofu ameshageuka kumsikiliza mgeni, kama mtu yeyote mwenye malezi mema angegeuka. Msalaba wa chaki ulikuwa upande wa pili. Upande wetu lilikuwapo tumbo tu, tumbo kubwa la mnyama aliyekuwa anakula majani yake.

"Ndiyo hapa?" Shaba akauliza.

"Siyo hapo. Ngoja azunguke."

"Kungoja siwezi," akasema kwa huzuni. "Samahani, mzee." Akaingia hivyo hivyo alivyo, hajafunguka.

Pofu hakuanguka. Hicho ndicho kilichoniumiza. Alinitazama tu, akiwa amekunja mguu mmoja.

"Sasa nitatembea na kitu hiki mpaka Jumapili," akasema. "Ninyi harusini mtakula maharage, na fisi ndio watakaofanya sherehe. Haya yote ni ya nini, fundi?"

Nikatafuta jibu. Nililolipata ni kwamba Sulle alikuwa ameshika soda. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niwe mtu mzima, na huruma ikanijaa, nikalia machozi waziwazi mbele ya mnyama niliyemlipia leseni.

"Usilie, utalowanisha chaki," pofu akasema. "Pima upya."

Tuko mezani tena. Tumbo lake halina kitu. Pofu anaichukua futi kamba ya Paskalina, ile ya manjano, anaitandaza kutoka kwenye mashine hadi kwenye cherehani. "Kila sentimita mita kumi," anasema, na mimi naona ni hesabu ya haki. Anaipitia kwa midomo taratibu kuanzia mia, penye mlima wangu, anarudi nyuma, anarudi, anarudi mpaka ishirini na tano. Hapo anasimama.

"Hapa risasi bado ina haraka," anasema, "na mlio bado anavaa viatu."

"Lakini ukoo wa wakwe..."

"Kwani wanaopigwa ni wakwe?"

Akaikata futi kwa meno, akaitafuna sehemu yote iliyobaki, mia na mlima wake na vyote, akameza. "Hizo huna kazi nazo," akasema. Akakisukuma kiti, kiti kikashukuru, akatoka.

Niliamshwa na Paskalina. Amesimama kando ya kitanda, mkono kiunoni.

"Baba Desdery, nani amekula futi yangu?"

Nikaipokea. Ilikuwa imelowa. Iliishia ishirini na tano kamili, na alama za meno zilikuwa upande wa chini tu, kwa kuwa pofu, kama ng'ombe na mbuzi, hana meno ya mbele juu.

"Atakuwa mbuzi," nikasema.

"Mbuzi yupi? Si tulimla Pasaka?"

Nje gari la Sulle likapiga honi. Nikachukua bunduki na risasi za shaba, zile zenye ncha nyekundu nikaziacha zijisifu kwenye sinia, kisha nikainama chini ya kitanda kutafuta viatu vya kutembelea porini.

"Mita Elfu!" Sulle akaita alipoona natoka. "Mlima unakungoja!"

"Leo hatupandi mlima, shemeji. Tunashuka bondeni kwa miguu, taratibu, mpaka karibu."

Akanitazama viatu, akaangua kicheko kilichowatoa majirani nje. "Mita Mia!" akapiga kelele. "Jamani njooni mumwone Mita Mia!"

Futi ya Paskalina ilikuwa mfukoni mwangu, bado mbichi.

"Mia mbili na hamsini," nikamwambia, nikapanda gari. "Ukiniita, uniite kamili."