Shuka Ndefu za Silanga

Mkokoteni ulikuwa umeshafika kona, godoro juu, Filister nyuma yake ameshika jiko, ndipo akageuka na kurudi mbio mlangoni kwa Ndinda. Alikuwa anahamia Kawangware, karibu na dadake. Akasema ameacha mawe manne, yale ya kuinulia kitanda, Ndinda ayachukue.

"Mbona mimi?"

"Wewe huwa unauliza. Hawa wengine wanaangaliana tu."

Maneno hayo yalimkaa Ndinda kichwani. Ploti yao ya Silanga ilikuwa vyumba sita kwa mstari, mto nyuma, na mvua ya Aprili ilikuwa imeanza kunuka. Filister, mtu wa Nyando kulikozoea mafuriko, ndiye pekee aliyeinua kitanda bila kuficha, na majirani wakamcheka. Ndinda alitoka Kitui, kama majirani wengine. Kwao mvua huombewa kanisani, na kuiogopa mbele za watu ni kama kumtukana mgeni uliyemwita mwenyewe. Lakini alikuwa na cherehani, na ndiyo iliyomlisha yeye na bintiye. Maji yakiingia ndani ya cherehani, kwisha.

Akafunga mlango, akapanga mawe chini ya miguu ya kitanda ili cherehani ipate pa kuwekwa maji yakija, akashusha shuka mpaka sakafuni ili yasionekane. Hata hivyo alijua mawe hayatoshi. Mwaka juzi maji yalifika kiunoni. Dawa ilikuwa mtaro, na mtaro lazima upite milango yote sita. Nani angeanza kuusema?

Kesho yake alienda kwa jirani yake Wanza kuazima ungo. Huyu ndiye aliyemcheka Filister kuliko wote. Macho ya Ndinda yakatua kwenye shuka ya kitanda, iliyofika chini kabisa, na katikati yake akaona mshono. Aliutambua. Ni yeye aliyeuunga, wiki mbili zilizopita. Kisha akakumbuka mke wa Makau naye alileta shuka mbili ziunganishwe, na mama Billy pia, na Kasyoka. Kila mmoja alisema watoto wanavuta shuka usiku.

Akaangusha ungo makusudi, akainama. Chini ya miguu ya kitanda cha Wanza, mikebe minne ya rangi.

Alirudi kwake, akatoa shuka yake, akafungua mlango wazi na kukaa kushona.

Wanza akapita. "Eish, Ndinda, kitanda kimepanda mlima? Nawe umeanza kukimbia mvua?"

"Chako kilipanda kabla ya changu. Shuka si nilishona mimi?"

Wanza alicheka mpaka akakaa chini. Jioni hiyo shuka zilikunjwa nyumba baada ya nyumba, kila mtu akichungulia kwa mwenzake, na Makau akatoa jembe. Jumamosi mtaro ulikuwa umepita milango sita.

Maji yalikuja Jumatano. Mengi yalifuata mtaro. Ndani yalifika kwenye vifundo vya miguu. Cherehani haikuguswa. Wanza alipoteza unga aliosahau sakafuni. Makau alijikata kidole cha mguu kwa jembe, bado anachechemea. Huko Kawangware kijito kilifurika, godoro la Filister likalowa na nguo zote. Ndinda alimpigia simu kuuliza kwani hakuinua kitanda. Filister akasema alikuwa mgeni, na pale hakuna jirani aliyekuwa ameinua. Sasa anakaa kwa dadake. Ndinda yuko Silanga, anashona.