Nyumba Iliyolifuata Tawi

Jumatatu ya pili ya Machi, saa mbili na nusu asubuhi, mkandarasi Firmin Debaere alipiga magoti kwenye gereji ya Bi Godelieve akapima sakafu kwa futi kamba. Gari lilikuwa limeshatolewa nje, limebaki doa lake la oili, kubwa kama sinia.

Mlangoni walisimama Wannes, mwana wa Bi Godelieve, na mkewe Katrijn. Miaka miwili nyuma mama alikuwa ameiandikisha kwa jina la Wannes nyumba kubwa iliyo kando ya gereji, aliyoijenga na marehemu mumewe Odiel, tofali kwa tofali, kila Jumamosi. Sasa Wannes anahamia na watoto watatu, na mama anahamia gereji.

"Utakuwa na choo chako na jiko lako, Mama," alisema Wannes. "Kama malkia."

"Malkia gani huyo anayelala lilipolala gari?"

"Malkia asiyepanda ngazi," alidakia Katrijn.

Bi Godelieve akacheka, maana jibu lilikuwa zuri. Alikuwa na ombi moja tu: dirisha upande wa mashariki. Katika jiko lake la zamani jua liliingia asubuhi likakaa naye mezani, na hivyo ndivyo alivyokunywa kahawa kwa miaka arobaini na sita.

Katrijn alisema dirisha la upande ule linataka kibali, na kibali huchukua miezi minane. "Tutakuwekea taa nzuri, Mama."

Walipoondoka, Bi Godelieve alimletea fundi kahawa.

"Firmin, kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu hapiti mlangoni, hukaa mezani kila asubuhi, na haombi kahawa."

Firmin alijikuna kichwa kwa penseli. "Paka wa jirani."

"Yule mbona anaomba mpaka maziwa! Nipe mji."

"Chukua Kortrijk."

"Kortrijk anakaa wifi yangu. Siutaki."

"Basi Gent."

"Gent naupokea. Jibu ni jua."

Firmin alitazama ukuta wa mashariki, mzima, hauna hata tundu la msumari. Akamaliza kahawa yake, akarudi kupima.

Kazi ilichukua wiki sita. Waliinua sakafu, wakajaza sufi ukutani kuzuia baridi, wakaziba lango la gari na kuacha mlango mdogo, wakaweka paa jipya. Mafundi wa nchi ile wakimaliza paa hupachika tawi bichi juu yake, na mwenye nyumba huwanywesha bia. Firmin akapanda na tawi lake, akalipachika.

"Hilo ni la nyumba, bwana," alisema Wannes. "Hii ni gereji iliyopakwa rangi." Bia hakutoa.

Bi Godelieve alishuka mwenyewe kwenye stoo ya chini akapandisha kreti la bia, chupa zikigongana. Firmin na waashi wake wawili wakanywa wamekaa juu ya mifuko ya saruji, wakamtakia afya Bi Godelieve, wakimwita mwenye nyumba. Inaelekea nyumba ilikuwa inasikiliza.

Asubuhi ya kwanza, Bi Godelieve aliamka gerejini akakuta dirisha la jiko lake liko kwenye ukuta wa mashariki, na pazia lake la miraba, na ule ufa wa pembeni ambao Odiel aliahidi kuurekebisha. Jua likaingia, likakaa mezani. Akamimina kahawa, kikombe kimoja.

Katrijn alibisha hodi. "Mama, dirisha la jiko liko kwako?"

"Liko."

"Haya. Nilidhani limeibwa." Akarudi kuwasha taa.

Jumatano lilihama jiko lote. Alhamisi zilihama ngazi, zote kumi na tatu, na Ijumaa vikafuata vyumba vya juu, kimoja baada ya kingine, kama bata. Kwa nje gereji haikubadilika. Afisa wa majengo alikuja, akaipima, akaona inalingana na ramani, akaaga. Nyumba kubwa ilibaki kuta na sakafu ya zege, na katikati ya sebule likajitokeza doa la oili. Wannes akaliingiza gari, maana kulikuwa na manyunyu. Watoto walifurahi, hakuna aliyewaambia tena wavue viatu.

Jumapili Wannes alifika na mikate midogo ya moto, Katrijn nyuma yake, na nyuma ya Katrijn fundi Firmin na futi kamba.

"Mama, wewe ni mtu mmoja," alisema Wannes. "Vyumba vyote hivi vya nini? Na karatasi unazijua, nyumba ni yangu popote ilipo." Alisema kwa upole, amemshika mkono. Hakuwa mtoto mbaya.

"Kule nyumba kubwa tayari ni gereji," alisema Katrijn. "Tutakuwekea huko choo na jiko. Kama malkia."

"Na dirisha?"

"Taa nzuri, Mama."

Jua lilikuwa limekaa mezani kati yao. Lilimchoma Wannes machoni, akanyoosha mkono akavuta pazia.

Bi Godelieve alimpelekea Firmin kahawa kule nyumba kubwa, ambako alikuwa ameshapiga magoti kando ya doa la oili.

"Firmin, lile tawi bado liko juu ya paa?"

"Limekauka, Bi Godelieve. Nitakata jingine."

"Kata bichi kabisa."

Akavaa koti, akatoa baiskeli. Stooni hakukuwa na chupa ya bia hata moja, na Jumapili duka la bia hufungwa saa sita mchana.